Kuchuliwa kiuno huku unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 46 na kazi yangu ni ya kukaa kutwa mbele ya kompyuta. Miezi minane sasa kiuno kinaniuma, na mabega yanakaza mpaka jioni kichwa kinagonga. Wiki za karibuni nasikia pia kama sindano zinashuka nyuma ya mguu wa kulia hadi kwenye unyayo. Nimekwenda kuchuliwa mara tatu. Mchuaji ananibonyeza kwa viwiko hadi machozi yanitoke, kisha nabaki na alama za damu kuvilia siku kadhaa. Anasema hiyo ni sumu inatoka. Marafiki wananishauri kila mmoja lake: masaji ya Kithai, ya Kiswidi, shiatsu. Ipi hasa inaondoa maumivu, na mtu aende mara ngapi? Mume wangu anaweza kunichua nyumbani? Nisisahau: natumia warfarin tangu mwaka jana nilipopata bonge la damu mguu wa kushoto.

Jibu: Dada yangu, sentensi uliyoiweka mwisho ndiyo naanza nayo, kwa sababu inabadilisha karibu kila kitu kingine nitakachokuambia. Warfarin inapunguza uwezo wa damu kuganda. Mtu asiyeitumia akibonyezwa sana hupata uchungu wa siku moja au mbili. Wewe ukibonyezwa vivyo hivyo, vimishipa vidogo vya damu vinapasuka chini ya ngozi na ndani ya msuli, na damu inachelewa kukatika. Alama ulizobaki nazo ni damu hiyo. Hakuna sumu iliyotoka. Mwili una ini na figo kwa kazi ya kuondoa taka, na viungo hivyo viwili havihitaji kiwiko cha mtu yeyote ili vifanye kazi.

Kwa hiyo usirudi kwa mchuaji huyo kwa sasa. Wasiliana na kliniki inayokupa warfarin, uwaambie umekuwa ukipata alama hizo, ili wapime kiwango cha damu yako kuganda na kuona kama dozi bado iko sawa. Usiiache dawa wala kupunguza vidonge kwa uamuzi wako mwenyewe. Bonge la damu likijirudia na kupanda kwenye mapafu linaua. Waulize pia kuhusu dawa za maumivu unazotumia. Ibuprofen na diclofenac za kumeza zikikutana na warfarin zinaongeza hatari ya kutokwa damu, hasa tumboni. Na hata dawa za kupaka zenye harufu kali, zile za kuchua misuli, nyingi zina methili salisileti, kemikali ya jamii moja na aspirini inayopenya kwenye ngozi. Wapo wagonjwa waliozipaka kwa wingi na damu yao ikawa nyepesi kupita kiasi. Watu wengi wanaotumia warfarin hawajaambiwa jambo hili, nami naona ni kosa kubwa kwetu sisi tunaotoa huduma.

Sasa tuje kwenye mguu. Una maumivu mawili, na nisingependa uyachanganye. Kiuno na mabega yanayokaza baada ya kukaa kutwa ni jambo moja. Sindano zinazoshuka nyuma ya paja, zikapita goti na kufika unyayoni ni jambo jingine: mara nyingi ni shina la neva linaloguswa au kukereka pale linapotoka kwenye pingili za chini za mgongo. Wengi wanaopata hali hii hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache bila upasuaji. Masaji inaweza kulegeza misuli iliyokaza kuizunguka sehemu hiyo, lakini hairudishi diski, yaani kile kitu laini kilicho kati ya pingili ambacho mara nyingi ndicho kinachoigusa neva, mahali pake, na yeyote anayekuambia ataisukuma irudi kwa vidole usimwamini. Mtaalamu wa fiziotherapia akupime nguvu za mguu, hisia za ngozi na mwitiko wa goti na kifundo kabla hujalala tena kwenye kitanda cha mchuaji.

Ukisikia ganzi sehemu za siri au pale unapokaa juu ya tandiko la baiskeli, ukashindwa kukojoa au kuzuia mkojo au choo, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kadhalika mguu wowote ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, usiuguse, usiukande, nenda upimwe. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikikuchoma unapovuta hewa, usisubiri hata saa moja.

Hayo yakishashughulikiwa, swali lako la aina ya masaji linakuwa na jibu ambalo pengine hukulitarajia. Kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, jina la masaji lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 401 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Kundi moja lilichuliwa kwa masaji ya kawaida ya kutuliza mwili, la pili kwa masaji ya kitaalamu iliyolenga misuli na tishu zilizodhaniwa kuwa chanzo, la tatu likaendelea na matibabu yake ya kawaida. Waliochuliwa walienda mara moja kwa wiki kwa wiki 10. Mwishoni makundi yote mawili ya masaji yalikuwa na hali nzuri kuliko lile la tatu, na kati ya hayo mawili hapakuwa na tofauti ya maana. Baada ya mwaka mmoja, faida ilikuwa imefifia sana. Nalirudia jaribio hili kwa kila anayeniuliza, kwa sababu linafundisha mambo mawili kwa pamoja: mkono mwepesi ulifanya kazi sawa na ule wa kitaalamu zaidi, na hakuna aliyeponywa moja kwa moja.

Inakuwaje mguso mwepesi upunguze maumivu? Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu hazipiti tu kutoka mwilini hadi kwenye ubongo. Zinachujwa kwanza kwenye uti wa mgongo, na mguso na mgandamizo wa kawaida kwenye ngozi unaweza kuzizuia kiasi zisipite. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti hulisugua kabla hata hajalia. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, ila kiini chake kimebaki. Ongeza na kupumzika: kupumua kunakuwa kwa taratibu, moyo unatulia, misuli iliyokuwa ikijilinda inaachia. Yote haya yanahitaji mwili ujione uko salama. Ukibana meno na kulia machozi, mwili unafanya kinyume chake, unajikaza zaidi. Kipimo ninachowapa wagonjwa ni hiki: mgandamizo uwe wa kiasi ambacho unaweza kupumua kwa utulivu na kuzungumza. Ukikata pumzi, mwambie apunguze, na asipopunguza inuka uondoke.

Utasikia pia kwamba masaji inaondoa asidi ya laktiki, ile kemikali ambayo misuli huitoa inapofanya kazi kwa nguvu. Hapana. Laktiki inaondoka yenyewe mwilini muda mfupi baada ya mazoezi. Utafiti mmoja wa mwaka 2012 uliwachukua vijana wa kiume 11, wakaendesha baiskeli mpaka wakachoka kabisa, kisha kila mmoja akachuliwa mguu mmoja tu, na vipande vidogo vya msuli vikachukuliwa kwenye miguu yote miwili. Kwenye mguu uliochuliwa dalili za uvimbe wa ndani zilipungua, lakini laktiki haikubadilika. Masaji ina faida za kweli. Haina haja ya kupambwa na zisizokuwepo.

Tuzipitie sasa zile ulizozitaja na nyingine utakazotajiwa.

Masaji ya Kiswidi ndiyo inayofundishwa katika vyuo vingi: kupapasa kwa miondoko mirefu ya mikono yenye mafuta, kukanda, kusugua, kupigapiga na kutetemesha. Sifa yake hupewa Pehr Henrik Ling, Mswidi aliyeanzisha taasisi ya mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, ingawa mpangilio wa mbinu hizo na majina yake ya Kifaransa ni kazi ya daktari Mholanzi, Johan Georg Mezger. Kwako hii ndiyo ningeichagua, kwa mgandamizo mwepesi, mgongo na mabega tu, baada ya daktari wako wa warfarin kuridhia.

Masaji ya kina ndiyo uliyofanyiwa, na kwako imefungwa kwa muda wote unaotumia warfarin. Hata kwa wengine nina wasiwasi na namna inavyouzwa. Hakuna maana moja inayokubalika. Mmoja anaitumia kumaanisha kwenda polepole mpaka msuli uachie wenyewe, mwingine anamaanisha kupanda mgongoni kwa magoti. Wapo watu, wachache sana, waliobonyezwa kwa nguvu kiasi kwamba misuli ikaharibika na mabaki yake yakaingia kwenye damu na kuelemea figo. Mtu akikojoa mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya masaji kali, aende hospitali bila kungoja.

Kuna kubonyeza vifundo, yaani sehemu ndogo chungu ndani ya msuli ambazo ukizigusa maumivu yanatokea mbali: unagusa juu ya bega, kichwa kinauma pembeni. Aliyeipa mbinu hii nguvu ni Janet Travell, daktari aliyemtibu Rais John F. Kennedy mgongo, akaandika kitabu kikubwa pamoja na David Simons. Wataalamu bado wanabishana vifundo hivi ni nini hasa, na wakipewa mgonjwa mmoja mara nyingi hawakubaliani viko wapi. Hata hivyo, kwa mabega yanayoleta maumivu ya kichwa kama yako, naona mgandamizo wa wastani wa nusu dakika hivi juu ya sehemu chungu unawasaidia wengi. Kwako uwe wa kidole tu, usiwe wa kiwiko wala kifaa kigumu.

Ya Kithai nakushauri uiache kabisa kwa sasa. Ni sanaa yenye heshima yake, na mwaka 2019 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Unalala chini ukiwa na nguo, mchuaji anakubonyeza na kukuvuta viungo kwa mikono, viwiko, magoti na miguu. Tatizo ni mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kule kukunja na kusokota kiuno, ambako neva iliyokereka haikupendi. La pili ni kwamba baadhi ya wachuaji hubana mshipa mkubwa wa damu kwenye kinena kwa muda, kisha huachia ghafla ili damu ijae mguuni. Mtu mwenye historia ya bonge la damu asifanyiwe hivyo na yeyote.

Shiatsu ya Japani, ambayo Tokujiro Namikoshi ndiye aliyeieneza zaidi, ni ya kubonyeza kwa vidole gumba na viganja bila mafuta. Inategemea mkono wa mtu: ikiwa nyepesi unaweza kuipokea mabegani, ikiwa nzito inarudi kwenye tatizo lilelile. Kuchua nyayo kwa ramani ya viungo vya ndani kunaburudisha, lakini ramani yenyewe haina ushahidi, na mguu wako wa kushoto naomba uachwe.

Masaji ya limfu, iliyobuniwa na mke na mume wa Kidenmaki, Estrid na Emil Vodder, katika miaka ya 1930, ni ya kusukuma ngozi kwa wepesi sana ili maji yaliyojaa kwenye tishu yarudi kwenye mzunguko. Mahali pake ni kwenye uvimbe, kwa mfano mkono uliovimba baada ya matibabu ya saratani ya titi. Haijakusudiwa kwa kiuno. Ile ya kusugua kano kwa kukingama, iliyoenezwa na daktari Mwingereza James Cyriax, ni ya kano zenye matatizo kwenye kiwiko au goti, na ushahidi wake ni mdogo.

Halafu kuna Rolfing, ya Ida Rolf, mwanasayansi wa biokemia aliyeamini kwamba utando unaofunika misuli unaweza kupangwa upya katika vikao 10. Hesabu za kitaalamu za baadaye zilionyesha kwamba ili kunyoosha tando ngumu kama ule wa nje ya paja au wa unyayo kunahitajika nguvu kubwa kuliko mkono wa mtu unavyoweza kutoa kwa usalama. Watu hutoka wakijisikia wepesi, nami siwapingi, ila sababu yake iko zaidi kwenye mishipa ya fahamu kuliko kwenye utando. Na kwa kuwa hufanywa kwa mgandamizo mzito, kwako haifai. Kualisha shingo na mgongo mpaka vilie si masaji, lakini wachuaji wengi huongeza mwishoni bila kuuliza. Mwambie mapema kwamba hutaki.

Mbinu ya Alexander haihusu kuchuliwa, lakini singependa ukose kuijua. Frederick Matthias Alexander alikuwa mwigizaji wa Australia aliyepoteza sauti, akajifunza upya namna ya kubeba kichwa, shingo na mgongo, kisha akawafundisha wengine. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2008 lilihusisha watu 579 wenye maumivu ya kiuno ya kujirudia. Mwaka mmoja baadaye, wale wasiopewa nyongeza yoyote walikuwa wakiumwa siku 21 katika wiki nne; waliosoma masomo 24 ya Alexander waliumwa pungufu kwa siku 18, waliosoma 6 pungufu kwa siku 10, na waliochuliwa mara 6 pungufu kwa siku 7. Masaji ilisaidia, lakini kujifunza namna ya kukaa, kuinuka na kuinama kulisaidia zaidi. Kama mwalimu wa mbinu hiyo hapatikani karibu nawe, mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukufundisha mengi ya namna hiyo.

Kuhusu mara ngapi, tuna jaribio zuri la shingo la mwaka 2014 lenye watu 228. Waliochuliwa dakika 60 mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki nne, walipata nafuu dhahiri. Dakika 30 hazikutosha hata zikirudiwa. Wengi hufanya kinyume: nusu saa mara moja kwa mwezi, kisha wanalalamika kwamba masaji haifanyi kazi. Lakini najua muda na fedha vina mipaka. Ningekuambia uchague wiki nne, uweke mara moja au mbili kwa wiki kwa saa nzima, kisha uamue. Usipime kwa jinsi unavyojisikia ukitoka mlangoni, maana hapo karibu kila mtu anajisikia vizuri. Pima kwa mambo ya kawaida: unakaa muda gani kazini kabla kiuno hakijaanza, unaamka mara ngapi usiku, unaweza kuvaa viatu bila kushika ukuta. Wiki nne zikipita na hayo hayajasogea, acha na utumie fedha hiyo kwingine.

Wakati huohuo tembea. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 kuhusu kiuno cha muda mrefu inaiweka masaji miongoni mwa yanayoweza kusaidia, ikiambatana na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Masaji inakupa dirisha la saa au siku chache ambamo kiuno kinaruhusu kusogea. Ukilitumia kulala kitandani limepotea. Kazini inuka angalau kila nusu saa, hata kwa dakika moja. Anza na matembezi mafupi kila siku na uyaongeze kadiri mguu unavyoruhusu. Kusikia uchungu kidogo kiunoni unapotembea hakumaanishi unaharibu kitu; sindano za mguuni zikizidi kushuka au nguvu ikipungua, hapo ndipo urudi upimwe.

Mume wako anaweza kukuchua, na nafurahi umeuliza, kwa sababu mkono wa mtu unayemwamini una kazi kubwa katika kutuliza maumivu. Kwanza daktari wako wa warfarin aridhie, na alama za damu ziwe zimekwisha. Ulale kwa tumbo na mto chini ya fupanyonga, au ubavu na mto kati ya magoti kama tumbo linakusumbua. Akate kucha, avue pete na saa, apashe mikono moto, atumie mafuta yoyote yasiyowasha ngozi na yasiyo na dawa. Aanze kwa viganja vyote viwili kutoka kiunoni kupanda pande mbili za uti wa mgongo hadi mabegani, kisha ashuke kwa nje, polepole, kwa uzito wa mikono yake tu. Mifupa ya katikati asiibonyeze. Mabegani anaweza kukanda kwa vidole na kiganja kama anayekanda unga laini; mbele ya shingo na pembeni ambako mshipa unapiga asiguse. Miguu aiache yote miwili. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa nyumbani. Kesho yake aangalie ngozi yako mgongoni. Akiona alama yoyote ya bluu au zambarau, mpumzike mpaka iishe na mara inayofuata mkono uwe mwepesi zaidi, na alama zikitokea tena hata kwa mkono huo mwepesi, iambieni kliniki.